Kufunga bomba jipya la hewa bila kuivuruga sensa ya hewa

Vijana wengi Mtwara wakinunua Toyota IST, la kwanza ni kung'oa boksi la eya klina na kuvalisha filta ya koni ili gari lingurume. Sawa, gari ni lako. Ila ijue kwanza sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini.

Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza. Umeme unaotumika kuurudishia joto ndio unaoiambia kompyuta hewa imeingia kiasi gani. Hesabu hiyo inategemea kipenyo cha bomba la kiwandani. Ukitoka milimita 60 ukaenda 70, eneo la tundu linaongezeka kama asilimia 36. Hewa ile ile inapita polepole, sensa inasoma pungufu karibu robo, na petroli inapulizwa kidogo. Sensa ya oksijeni kwenye egzosi itajaribu kufidia. Ikizidiwa, taa ya injini inawaka na mashine ya kupimia gari inasoma P0171, yaani kodi ya hewa nyingi kuliko petroli.

1. Chomoa hasi ya betri, kisha soketi ya sensa. Shika plastiki, usivute waya.

2. Hamisha sensa pamoja na kipande chake cha bomba la asili, mshale ukielekea injini. Wengi wanaharibu hapa: wanatoboa bomba la kununua na kuichomeka tu.

3. Filta ya kitambaa ipake mafuta kidogo sana. Yakirukia ule waya, vipimo vinapotea.

4. Vuta hewa ya nje, si ya pembeni ya injini. Usiishushe filta chini ya bampa. Masika itakunywesha maji.

5. Kaza klempu zote. Hewa inayopenya baada ya sensa haihesabiwi.

Maswali

*Shikamoo fundi. Gari yangu sioni sensa kwenye bomba.*
Marahaba. Huenda inapima mgandamizo kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda; hiyo haisumbuliwi sana na kipenyo. Angalia tu sensa ya joto la hewa: ukiiacha bila soketi utapata P0113, kodi ya sensa hiyo.

*Mkuu, napiga ruti za vumbi Newala. Koni itafaa?*
Mimi nisingefunga. Vumbi jekundu lile linakula ringi na silinda, na filta ya karatasi ya kiwandani inalizuia vizuri zaidi.

*Sensa ikichafuka nasugua na mswaki na petroli?*
Hapana kaka! Waya utakatika. Nunua sprei ya kusafishia sensa ya hewa, puliza bila kugusa, iache ikauke kabisa ndipo uirudishe.