Jinsi ya kuomba dhamana ya mitaro ya maji ya mvua kwa mradi wa nyumba Unguja

Ukijenga nyumba za kuuza upande wa Fumba, Nyamanzi au Mwera, huenda mamlaka, mkopeshaji au mwenye ardhi akakutaka dhamana kwamba mitaro na mashimo ya maji ya mvua yatakamilika na kutunzwa. Dhamana si bima yako. Ina watu watatu: wewe mdhaminiwa, mdhamini (benki au kampuni ya bima) na mnufaika aliyeidai. Ukishindwa, mdhamini humlipa mnufaika, kisha hukugeukia wewe umrudishie kila shilingi. Ndiyo maana atakuchunguza kama anayekukopesha.

Anza kwa mnufaika, siyo benki. Mwombe kwa barua mfano wa hati anayoikubali, kiasi na muda. Soma mstari mmoja kwa makini: je, mdhamini atalipa mara tu anapodaiwa, au mpaka kosa lithibitishwe? Hati ya kulipa mara tu inapodaiwa ni ngumu zaidi kupata, na mara nyingi mdhamini hutaka amana ya fedha taslimu.

Pili, michoro na hesabu za mhandisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mapaa, barabara na nyua za zege zikiwa mita za mraba 4,000, mvua ya milimita 80 huleta lita 320,000, yaani mita za ujazo 320. Mchoro uonyeshe maji hayo yanakwenda wapi. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe shimo hunyonya haraka, lakini maji machafu nayo hushuka haraka, na maji mengi tunayokunywa Unguja yanatoka chini ya ardhi. Weka chemba ya kunasa mchanga na mafuta kabla ya shimo, na shimo lisichanganywe na la choo. Kama maji yatapita kwa jirani, pata ridhaa yake ya maandishi. Muulize na sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo: yeye anajua maji yalikuwa yakipita wapi kabla hujamwaga zege.

Kiasi cha dhamana hutoka kwenye BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake), na hapa ndipo wengi hukosea. Wanaweka uchimbaji na zege, wanasahau mifuniko, chemba na usafishaji wa kipindi cha matazamio, yaani muda baada ya kazi kumalizika ambapo kasoro hutazamwa na kurekebishwa. Tuseme kazi yote ni shilingi milioni 180 na mnufaika anataka asilimia 110: dhamana ni milioni 198. Mdhamini akikutoza ada ya asilimia 2 kwa mwaka, ni shilingi 3,960,000 kila mwaka, na fedha hiyo hairudi hata kama hakuna aliyedai kitu.

Faili la kumpelekea mdhamini: usajili wa kampuni, azimio la wakurugenzi, hesabu zilizokaguliwa, hati ya haki ya matumizi ya ardhi, kibali cha ujenzi, cheti cha mazingira cha ZEMA (mamlaka ya usimamizi wa mazingira Zanzibar) iwapo mradi unakihitaji, michoro, BOQ na mkataba wa mkandarasi. Mkandarasi akiwa na dhamana yake, hiyo haikuondolei wajibu wa kuleta yako. Inakulinda dhidi yake, basi.

Hati ikitoka, usiipeleke kabla ya kuisoma. Jina la kampuni lifanane herufi kwa herufi na lililoko kwenye kibali. Namba ya kiwanja vilevile. Tazama tarehe ya mwisho kwa jicho la mvua. Dhamana ya miezi 12 iliyotolewa Machi, mitaro ikamalizika Oktoba, itaisha kabla mitaro haijaona masika hata mara moja. Mnufaika ataikataa, au utalipia mwaka wa pili bila kujipanga.

Omba ukaguzi mapema, na ujipime mwenyewe kwanza. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita mbili unapimika kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba uliojazwa maji ambao mafundi hulinganishia usawa. Mwaga ndoo kadhaa, rudi baada ya saa moja: dimbwi lililobaki ni mahali fundi alipokosea, na mbu watakuwa wa kwanza kuligundua. Toa pia saruji na mchanga uliobaki kwenye chemba.

Ukipita ukaguzi, omba barua ya kuachiliwa na uchukue hati halisi, siyo nakala, uirudishe kwa mdhamini. Bila hiyo, amana yako inaweza kuendelea kushikiliwa.