Somo: Kuunganisha simu au kishikwambi na amplifaya kwa kigeuzi sauti cha nje

Kishikwambi changu cha zamani, ambacho kioo chake kimepasuka pembeni na hakuna mtu nyumbani anayekitaka tena, kimekaa juu ya amplifaya sebuleni kwa miaka miwili sasa, na kazi yake ni moja tu, kupiga muziki. Kati yake na amplifaya pana kisanduku kidogo cha plastiki kinachoenea kiganjani, na wageni huuliza kile ni kitu gani kabla hawajauliza habari ya spika. Somo hili linahusu kisanduku hicho: kinafanya nini, kinaunganishwaje, na kwa nini mara nyingi hugoma siku ya kwanza.

Muziki uliomo ndani ya simu ni tarakimu tupu. CD huhifadhi sampuli 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa stereo, na kila sampuli ina biti 16, ilhali spika haijui kuhesabu. Inachokijua ni umeme unaopanda na kushuka. Kifaa kinachogeuza tarakimu hizo kuwa umeme ndicho kigeuzi sauti, ambacho madukani huitwa DAC, au saundi kadi ya USB iwapo kina pia matundu ya kuingizia sauti. Karibu kila simu ina kigeuzi chake cha ndani, na si kweli kwamba vyote ni vibovu. Shida kubwa ni kwamba tundu la hedifoni limezidi kutoweka tangu iPhone 7 ilipolitupa mwaka 2016, na pale lilipobaki, nguvu yake mara nyingi hutosha visikizi vidogo vya masikioni lakini huwa haba kwa amplifaya au kwa hedifoni kubwa za studio zenye ukinzani wa omu 250 au 300.

Niseme mapema jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kigeuzi hushughulikia hatua moja tu ya safari ya sauti, na hakiwezi kurudisha kilichopotea kabla sauti haijakifikia. Rekodi ambazo Siti binti Saad alizifanya Bombay mwaka 1928 zitabaki na mikwaruzo yake hata zikipita kwenye kigeuzi cha bei ya gari, na faili la MP3 lililofinywa hadi kilobiti 64 kwa sekunde litaendelea kusikika kama linatoka ndani ya debe.

Hatua ya kwanza: pima simu kabla ya kutoa pesa

Simu inayotumia kigeuzi cha nje inapaswa kuwa bwana wa ule waya, yaani ikitambue kifaa kilichochomekwa na kukipa umeme, badala ya yenyewe kutambuliwa na kompyuta. Uwezo huu ndio unaoitwa OTG. Azima adapta ya OTG, chomeka flashi, kisha tazama kama mafaili yake yanafunguka. Yakifunguka, umevuka nusu ya mto. Yasipofunguka, ingia kwenye mipangilio, kwa sababu baadhi ya simu, hasa za Oppo, Realme na Vivo, zina swichi ya OTG ambayo hujizima yenyewe baada ya muda wa kutotumika. Kwa upande wa Android, sauti kupitia USB ilianza kuungwa mkono na mfumo wenyewe katika toleo la 5.0 la mwaka 2014, kwa hiyo kifaa chenye toleo la nyuma ya hapo kitasumbua hata flashi ikisomeka.

Adapta yenyewe ndiyo iliyonichosha kuliko kitu chochote. Niliwahi kununua mbili kwa mchuuzi mmoja, zikiwa kwenye mfuko uleule wa nailoni na zikiwa na rangi ileile, moja ikafanya kazi na nyingine ikakataa kabisa, nami nikakesha nikikilaumu kigeuzi. Asubuhi niliichana ile iliyokataa kwa wembe na nikakuta nyaya mbili tu ndani, nyekundu na nyeusi, ambazo ni za umeme peke yake. Nyaya za data, ambazo kwa kawaida huwa nyeupe na kijani, hazikuwamo.

Hatua ya pili: chagua kigeuzi

Tafuta kifaa kinachofuata kanuni ya jumla ya sauti ya USB, yaani kisichodai programu maalumu ya kompyuta ili kiamke. Toleo la kwanza la kanuni hiyo linafika biti 24 na 96 kHz, yaani sampuli 96,000 kwa sekunde, na toleo la pili linakwenda juu zaidi. Yote mawili yanatosha kabisa kwa masikio ya binadamu. Mimi natumia Behringer UCA202, ambayo inaishia biti 16 na 48 kHz, ina matundu ya RCA, yale ya duara mekundu na meupe, ya kutoa na kuingiza sauti, tundu la hedifoni lenye kitufe chake cha kuongeza na kupunguza, na hujilisha umeme kutoka kwenye waya wa USB. Anayetaka kifaa cha kutembea nacho atazame vile vidogo vya aina ya AudioQuest DragonFly au vya FiiO. Na asiye na fedha nyingi asione haya kuanza na adapta ya Apple ya Taipu C kwenda tundu la milimita 3.5, kwa maana ndani ya ile plastiki nyeupe kuna kigeuzi kamili, tena kizuri kuliko bei yake.

Tahadhari moja. Zipo adapta zinazofanana na hiyo ambazo hazina kigeuzi ndani. Hupitisha tu sauti ambayo simu yenyewe imekwisha kuigeuza. Simu fulani huzikubali, lakini Google Pixel na simu za Samsung za daraja la juu zisizo na tundu la hedifoni huzikataa. Muulize muuzaji kama ina DAC ndani, na akianza kubabaika, omba uijaribu hapohapo dukani kwa simu yako.

Hatua ya tatu: umeme

Kigeuzi hula betri ya simu. Kwa hedifoni za njiani hilo halina uzito, lakini kwa kishikwambi kitakachopiga muziki tangu asubuhi hadi wageni waondoke, lazima upange namna ya kukichaji kikiwa kazini. Kwa vifaa vya Taipu C zipo adapta za njia mbili, moja ya kigeuzi na nyingine ya chaja, ambazo hutofautiana sana kwa ubora. Kwa iPhone na iPad zenye tundu la Lightning, adapta ya kamera ya USB 3 ya Apple ina tundu la pili la chaja, na bila kuichomeka chaja hiyo, vigeuzi vingi vitakataliwa. iPhone 15 ya mwaka 2023 na zilizofuata, pamoja na iPad Pro tangu mwaka 2018, zina Taipu C na zimetuondolea sehemu kubwa ya usumbufu huu.

Hatua ya nne: kuunganisha

Zima amplifaya kwanza. Peleka waya wa RCA, ule wa pini nyekundu na nyeupe, kutoka kwenye matundu ya kutolea sauti ya kigeuzi hadi kwenye tundu la AUX au CD la amplifaya au sabufa. Usitumie kamwe lililoandikwa PHONO, kwa sababu hilo limetengenezwa kwa ajili ya sindano ya santuri. Hukuza sauti kupita kiasi na kubadilisha mlingano wa besi na sauti nyembamba. Chomeka kigeuzi kwenye adapta, adapta kwenye simu, subiri sekunde chache hadi simu ikitambue, halafu ndipo uwashe amplifaya ikiwa imeshushwa hadi chini. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie. Ukigeuza utaratibu huo utausikia mshindo mzito kwenye spika, na mishindo ya namna hiyo ikirudiwa huchosha koni.

Sasa pandisha sauti ya simu hadi juu au karibu na juu, kisha rekebisha kwa kitufe cha amplifaya. Sababu yake ni ya kihesabu: kila biti moja hubeba takriban desibeli 6, na unapopunguza sauti ndani ya simu mara nyingi unapunguza tarakimu zenyewe, ukausogeza muziki karibu na mvumo wa chini wa vifaa. Kanuni hii ni ya amplifaya pekee. Mwenye hedifoni afanye kinyume, aanzie chini kabisa kabla ya kuzivaa, kwa kuwa baadhi ya vigeuzi huamka vikiwa kwenye kilele. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na hedifoni zenye kigeuzi chenye nguvu huvuka kiwango hicho bila mtu kuhisi.

Hatua ya tano: programu na mafaili

Android kwa kawaida huchanganya sauti zote za simu na kuzipeleka kwa 48 kHz, hivyo wimbo wa CD wa 44.1 kHz hubadilishwa njiani. Programu ya USB Audio Player PRO ina njia yake yenyewe ya kuzungumza na kigeuzi na hulikwepa badiliko hilo, na Android 14 ya mwaka 2023 imeongeza njia rasmi ya kupitisha tarakimu bila kuguswa, pale ambapo simu na programu zote mbili zinaikubali. Je, tofauti inasikika? Nimejaribu mara nyingi usiku nyumba ikiwa kimya, kwa taarabu yenye udi na fidla, na mimi binafsi sikuweza kuapa. Tofauti niliyoisikia bila shaka yoyote ilikuwa ya faili: wimbo uleule nilioupokea kwa WhatsApp, na mwingine nilioutoa kwenye CD na kuuhifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayofinywa bila kupoteza kitu. Katika ule wa pili, kidole cha mpiga udi kinasikika kikiteleza kwenye uzi kabla ya noti yenyewe. Katika ule wa kwanza kuna noti tu, na ukungu fulani juu ya matoazi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mombasa: Shikamoo fundi. Nimefuata hatua zote na muziki unatoka vizuri, lakini nikichomeka chaja kwenye kishikwambi, spika zinaanza kunguruma. Je, kigeuzi ni kibovu?

Marahaba. Kigeuzi ni kizima. Chaja na amplifaya zimeunganika mara mbili, mara moja kwa waya wa sauti na mara nyingine kupitia umeme wa ukutani, na mzunguko huo ndio unaoleta mngurumo. Chomoa chaja, na mngurumo ukinyamaza, umempata mwizi. Jaribu kwanza kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja, kisha jaribu chaja nyingine, na vikishindikana nunua kitenganishi chenye transfoma ndogo kinachowekwa kwenye waya wa RCA. Wapo watakaokushauri uikate nyaya ya eathi kwenye plagi ya amplifaya. Usithubutu, kwa sababu nyaya hiyo ipo ili usipigwe na umeme.

Mwanachama wa Muscat: Nina iPhone 13. Kila nikichomeka kigeuzi, unatokea ujumbe kwamba kifaa kinatumia umeme mwingi mno.

Tundu la Lightning hutoa umeme kidogo sana kwa vifaa vya nje. Tumia adapta ya kamera yenye tundu la chaja, uichomeke chaja kwanza na kigeuzi baadaye. Kikikataa tena, weka kati yao habu ya USB, yaani kisanduku cha kugawa tundu la USB, yenye umeme wake yenyewe.

Mwanachama wa Dodoma: Adapta ya Apple inafanya kazi kwenye simu yangu ya Android, ila sauti ni ndogo mno hata nikipandisha hadi mwisho.

Hilo linajulikana. Adapta hiyo ina kiwango chake cha ndani cha sauti, ambacho simu nyingi za Android hukiacha chini, na vitufe vya pembeni havikigusi. Programu inayozungumza na USB moja kwa moja, kama ile niliyoitaja, inaweza kukipandisha. Tazama pia umenunua toleo gani: la Ulaya limewekewa kikomo cha takriban nusu volti, na la Marekani hufika karibu volti moja.

Mwanachama wa Kigoma: Je, kigeuzi kitaboresha spika yangu ya Bluetooth?

Hapana. Spika ya Bluetooth inapokea tarakimu hewani na kuzigeuza kwa kigeuzi kilichomo ndani yake. Ikiwa ina tundu la AUX unaweza kupitia huko, lakini usitarajie makubwa.

Mwanachama wa Nairobi: Nimewasha sauti isiyopunguzwa kwenye Apple Music na bando limekwisha siku mbili tu.

Sishangai. Saa moja ya sauti ya CD ni takriban megabaiti 635 kabla ya kufinywa, na hata ikifinywa bila kupoteza kitu hubaki mamia ya megabaiti, wakati saa moja ya kilobiti 256 kwa sekunde ni kama megabaiti 115. Acha ubora wa juu kwa Wi-Fi na kwa nyimbo ulizozipakua. Nyongeza ni kwamba kiwango cha juu ya 48 kHz kwenye iPhone hudai kigeuzi cha nje, kwa hiyo kama unasikiliza kwa Bluetooth njiani, unalipia tarakimu zisizokufikia.

Mwanachama wa Dodoma tena: Asante, programu imesaidia. Lakini nilipohamia kwenye saundi kadi ya pili, hii ya RCA, simu haioni kitu kabisa. OTG imewashwa. Fundi, ulisema tuanze na flashi, nayo pia haionekani.

Kama flashi nayo haionekani, saundi kadi iache kwanza. Umetumia adapta gani?

Mwanachama wa Dodoma: Iliyokuja bure na chaja. Nimeichana kama ulivyofanya. Nyekundu na nyeusi.