Namna ya Kupima Uhalisi wa Saa ya Dijitali ya Zamani Iliyofanyiwa Mabadiliko

Mkusanyaji anayewekewa mbele yake Casio DW-5600C ya miaka ya 1980 huuliza swali moja tu: je, ni halisi? Swali hilo halijibiki kwa neno moja, kwa sababu saa hiyo ina kasha, mfuniko wa nyuma, moduli (yaani mashine ya kielektroniki ya ndani), skrini, kioo, fremu ya nje na mkanda, na kila sehemu kati ya hizo inaweza kuwa na historia yake. Kasha huenda lilitoka kiwandani Japani, mkanda ukanunuliwa mwaka juzi, na skrini ikageuzwa rangi na kijana mwenye kibano na subira. Ninavyoona mimi, mabadiliko si kosa hata kidogo. Kosa ni kuyanyamazia wakati wa kuuza. Kwa hiyo uhalisi upimwe sehemu kwa sehemu, na matokeo yaandikwe hivyo hivyo.

Anza nyuma ya saa. Casio huandika namba ya moduli ndani ya kisanduku kidogo kwenye mfuniko, pamoja na jina la toleo. DW-5600C ilitumia moduli 691, kisha 901, na mfuniko wake hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa kwenye kasha la chuma lililofichwa chini ya fremu ya plastiki. DW-5600E iliyokuja katika miaka ya 1990 inafanana nayo sana kwa mbele, lakini nyuma yake kuna bamba lililoshikwa kwa skrubu nne. Mwanga nao husema: toleo la C lina balbu ndogo inayomulika kutoka pembeni, ilhali toleo la E huwaka uso mzima kwa rangi ya buluu na kijani. Saa inayoitwa C huku ina skrubu nne nyuma haihitaji mjadala zaidi.

Hata hivyo, mfuniko ni kitu kinachotoka na kuhamishwa. Mtu mwenye mfuniko mzuri wa zamani anaweza kuufunga kwenye kasha lisilo lake, na ndiyo maana namba iliyo nje ni dai tu mpaka ilinganishwe na namba iliyo kwenye moduli yenyewe. Ikiwa unanunua kwa mbali, omba picha ya saa ikiwa wazi, na picha hiyo ionyeshe mfuniko na moduli kwa pamoja. Muuzaji asiyejua kufungua ana haki ya kusema hivyo, lakini bei nayo ifuate kiwango cha mambo yaliyothibitishwa.

Ukifungua mwenyewe, tandika kitambaa cheupe mezani na utumie kifaa kinachoshika mfuniko vizuri, kwa sababu bisibisi iliyoteleza huacha mkwaruzo usiofutika. Kabla ya kugusa chochote, angalia springi nyembamba iliyosimama kwenye moduli. Kazi yake ni kugusa kisahani cha sauti kilichobandikwa ndani ya mfuniko; ikidondoka, saa itaendelea kuhesabu muda bila kulia, na mnunuzi atakayefuata atadhani moduli imeharibika. Kisha chukua lenzi na utazame vichwa vya skrubu, kingo za bamba la betri na sehemu zilizolehemiwa. Risasi ya kulehemia ya kiwandani huwa ndogo, laini na ya kipimo kimoja. Ya mkono huvimba, hung'aa kupita wenzake, na mara nyingi huzungukwa na madoa ya kahawia.

Niliwahi kununua DW-5600C iliyoelezwa kuwa haijaguswa. Moduli ilikuwa 901, mfuniko ulikubaliana nayo, na kasha halikuwa na shaka. Nilipobonyeza kitufe cha taa usiku wa kwanza, mwanga uliotoka ulikuwa mweupe na mkali, si ule wa manjano hafifu wa balbu. Ndani nilikuta balbu imeng'olewa na taa ndogo ya LED imelehemiwa mahali pake, kazi safi kabisa iliyofanywa na mkono wenye ujuzi. Kama muuzaji angenieleza, ningeinunua vilevile, pengine kwa furaha zaidi. Kilichoniuma ni neno "haijaguswa", kwa kuwa baada ya hapo sikuweza kuamini neno lake lingine lolote kuhusu saa ile.

F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, inastahili maelezo ya peke yake kwa sababu ndiyo inayobadilishwa na kughushiwa sana. Wengi hujua kipimo chake: ukishikilia kitufe cha kulia kwa takriban sekunde tatu, skrini huandika jina la kampuni kwa herufi zinazosomeka kama CASIo. Kipimo hicho ni kizuri, ila watu hukipa uzito kisichokuwa nao. Kwanza, baadhi ya saa bandia zimeiga jibu hilo. Pili, linalojibu ni moduli peke yake, wala si kasha linaloizunguka. Moduli 593 iliyotumika kwenye F-91W ndiyo iliyotumika pia kwenye A158W ya mkanda wa chuma, na hivyo saa iliyoungwaungwa kutoka hizo mbili itajibu vizuri kabisa. Mabadiliko mengine huenda mbali zaidi, kwani zipo bodi za kisasa zinazoingia ndani ya kasha hilo hilo na kutumia skrini na vitufe vya awali, huku ubongo wa saa ukiwa mpya kabisa.

Badiliko linaloleta ubishi zaidi ni skrini iliyogeuzwa, yaani tarakimu nyepesi juu ya mandhari nyeusi. Skrini ya LCD hufanya kazi kwa tabaka mbili za polaraiza, yaani karatasi nyembamba zinazochuja mwanga, na fundi akibandua ile ya juu na kuweka nyingine iliyozungushwa nyuzi 90, weusi na weupe hubadilishana. Kwa kuwa kiwanda nacho kimetoa saa za namna hiyo, rangi peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Vaa miwani ya jua yenye polaraiza, shika saa mbele ya macho na uizungushe taratibu kama usukani. Kuna pembe ambapo skrini itazama gizani yote. Fanya hivyo hivyo na saa nyingine ya toleo lile lile ambayo una hakika haijafunguliwa. Ikiwa moja inazama mahali ambapo mwenzake anaonekana vizuri, polaraiza ya juu imegeuzwa. Baada ya hapo kagua kingo kwa lenzi: karatasi iliyokatwa kwa mkasi huwa na ukingo unaoyumba, vumbi lililonaswa chini yake, au utepe mwembamba wa gundi ya zamani kwenye pembe.

Kuhusu fremu na mkanda, hali ya hewa na jasho ni mashahidi wazuri. Plastiki ya polyurethane iliyotumika kwenye G-Shock za kwanza, ukoo wa saa ngumu za Casio ambao DW-5600C imo, zilizoanza mwaka 1983 na DW-5000C, huvunjwa polepole na unyevu mpaka ikapasuka kwa kuguswa. Fremu nyororo na nyeusi tii kwenye kasha lenye mikwaruzo ya miongo mitatu ni fremu mpya, na hakuna ubaya katika hilo, kwani pengine ndiyo iliyoiokoa saa isitupwe. Muhimu ni kujua kama ni spea ya kampuni au nakala. Nakala hujitambulisha kwa herufi zenye rangi iliyomwagika nje ya mchoro na kwa matundu ya skrubu yasiyokaa sawa.

Kwa Seiko, anza na maandishi ya mfuniko: H558-5000, kwa mfano, hutaja mashine kisha kasha. Tarakimu ya kwanza ya namba ya mfululizo ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na herufi au tarakimu ya pili ni mwezi, ambapo O, N na D husimama badala ya Oktoba, Novemba na Desemba. Pulsar ya Hamilton, saa ya mkononi yenye tarakimu za LED zinazowaka, iliyouzwa mwaka 1972 kwa dola 2,100 ikiwa na kasha la dhahabu, ina swali tofauti, kwa kuwa moduli nyingi za LED za enzi hizo zimekufa na mafundi wa leo hutengeneza mbadala. Pulsar inayowaka haikosi heshima kwa sababu hiyo, mradi mnunuzi aelezwe kinachowaka.

Huku kwetu, Casio nyingi zimepita mara kadhaa mikononi mwa fundi saa wa kando ya barabara, aliyefunga spea iliyopatikana siku hiyo ili mteja asichelewe kazini. Usiiite kazi hiyo udanganyifu. Iandike tu, na andiko zuri la kuuzia saa linaweza kuwa hivi: "Kasha, mfuniko na moduli 901 ni vya awali na vinakubaliana. Balbu imebadilishwa kuwa LED. Polaraiza ya juu imegeuzwa na mimi mwenyewe. Fremu ni spea ya kampuni, mkanda ni nakala. Mpira wa kuzuia maji haujajaribiwa, usiogelee nayo."

Kila kilichotolewa kitunzwe: balbu, polaraiza ya zamani, hata vipande vya fremu iliyopasuka. Vitie kwenye bahasha ya karatasi, andika namba ya moduli na tarehe ya kazi, na bahasha hiyo iende pamoja na saa kwa kila mmiliki atakayefuata.