Deki ya VHS ikinguruma, hamia sauti ya kawaida
Nimeijua hii jana hapa Kondele, Kisumu, nikicheza kanda ya video ya harusi ya wazazi wangu. Deki yenye Hi-Fi, yaani sauti ya stirio ya ubora wa juu, ikitoa mngurumo au sauti ya kukatikakatika, bonyeza kitufe cha sauti kwenye rimoti hadi ionyeshe NORM au MONO. Sauti ya Hi-Fi husomwa na vichwa vinavyozunguka, sawa na picha, kwa hiyo trakingi, yaani jinsi vichwa vinavyofuata mistari iliyorekodiwa kwenye utepe, ikiteleza kidogo tu sauti inaharibika. Ile ya kawaida iko ukingoni mwa utepe na husomwa na kichwa kisichozunguka. Haitakuwa stirio, na itafifia kidogo, lakini maombi ya babu niliyasikia yote, neno kwa neno! Ukingo wa utepe ukiwa umekunjika, mbinu hii haisaidii.