Mweleze konda wako kwa Kiingereza: wakati uliopo na maneno ya tabia za watu

Wanafunzi wangu wa jioni hapa Sinza wengi wana daftari lenye jedwali la "tense" zote, lakini ukiwaambia wakuelezee jirani yao kwa Kiingereza, kimya. Jedwali liweke kando kwa leo. Chagua mtu mmoja unayemwona mara kwa mara: mama ntilie, bosi, au konda wa daladala. Mimi nitamtumia konda wa Mbagala.

Hatua ya 1: Mwandike kwanza kwa Kiswahili

Sentensi fupi tu. Anaamka saa kumi alfajiri. Anawajua abiria wake. Anahesabu chenji. Amevaa fulana ya bluu. Amesimama mlangoni. Ana ndevu. Ni mvumilivu.

Hatua ya 2: Tenganisha mazoea na sasa hivi

Hapa ndipo penye kazi. "Anahesabu chenji" yaweza kuwa kazi yake ya kila siku au jambo analolifanya muda huu. -Na- yetu inabeba yote mawili, Kiingereza kinakulazimisha uchague. Jaribu kuweka hu-. Kama "huamka" inakubali bila kuharibu maana, ni present simple: "He wakes up at four in the morning." (Saa kumi yetu ni four yao, usisahau.) Kama unachotaka kusema ni "hivi sasa", ni present continuous: "He is counting the change."

Kwa he, she na it, kitenzi cha present simple huongezwa s au es mwishoni: wakes, watches, goes, carries (y ya carry inageuka i). Ukikanusha au kuuliza, s hiyo inahamia kwenye does, na kitenzi kinabaki kitupu: "He does not wake up late." Ukiandika "does not wakes" umeiweka mara mbili.

Vitenzi vya kujua, kupenda, kutaka, kuamini na kuhitaji kwa kawaida havichukui -ing, hata kama jambo ni la sasa hivi. "He knows his passengers." Si "is knowing".

Hatua ya 3: Ichunge -me-

Kosa hili nalikuta hata kwa watu wenye shahada. "Amevaa fulana ya bluu" wanaigeuza kuwa "He has worn a blue T-shirt." Sahihi ni "He is wearing a blue T-shirt." Amesimama: "He is standing." Amekaa: "He is sitting." Amebeba: "He is carrying." Hali ambayo bado iko mbele ya macho yako inaelezwa hivyo. Amechoka na amekasirika hazitaki hata -ing: "He is tired", "He is angry".

Present perfect itunze kwa jambo lililokamilika ambalo matokeo yake yapo: "He has collected the fares." Nauli ziko mkononi, kazi imekwisha.

Hatua ya 4: "Ana" si "has" kila mara

Ana ndevu, "He has a beard", sawa. Lakini ana miaka thelathini ni "He is thirty years old", ana njaa ni "He is hungry", ana haraka ni "He is in a hurry", ana wivu ni "He is jealous".

Hatua ya 5: Tabia, pamoja na ushahidi wake

Usikariri orodha ya sifa. Kila sifa ifuatwe na sentensi ya present simple inayoithibitisha: "He is patient. He waits for old people to sit down." Mwanafunzi wa kidato cha nne anayeeleza mhusika wa tamthiliya afanye vivyo hivyo, tena kwa present simple, hata kama kisa ni cha zamani.

Chagua neno kwa uangalifu. Mpole ni gentle. Polite ni mwenye adabu, na wapo wapole wasio na adabu. Mwalimu mkali ni strict, mbwa mkali ni fierce. Mjanja ukimsifu ni clever, ukimlaumu ni cunning. Bahili ni stingy, lakini anayetumia fedha zake kwa busara ni thrifty. Mbishi ni argumentative, mkaidi ni stubborn, mchangamfu ni cheerful.

Kuna utamu mmoja: "He is rude" ni tabia yake; "He is being rude" ni leo tu, pengine kaamka vibaya. Na ukitaka kulalamika, weka always: "He is always shouting."

Hatua ya 6: Maswali matatu yanayochanganywa

"What is he like?" huuliza tabia. "What does he look like?" huuliza sura. "What does he like?" huuliza anapenda nini.

Mazoezi

Foleni ya pantoni pale Feri inafaa sana, maana watu ni wengi na haraka haikusaidii. Chagua mmoja, umweleze kimoyomoyo: amevaa nini, anafanya nini, unadhani ni mtu wa namna gani. Usiku ziandike sentensi hizo, kisha zipitie mara mbili. Mara ya kwanza tafuta s zilizosahaulika, mara ya pili angalia he na she, kwa sababu a- yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke, na ulimi huteleza hapo bila wewe kujua.