Kitabu cha Picha Likizo ya Juni: Mwache Mtoto Ndiye Azungumze

Mwongozo huu ni wa mzazi, bibi, shangazi au dada wa nyumbani atakayeshinda na mtoto wa miaka miwili hadi sita shule zikifungwa mwezi wa sita. Nafundisha darasa la awali, na kila tunapokaribia kufunga nawaomba wazazi jambo moja tu: kitabu kikifunguliwa, mtoto aseme kuliko wewe. Kujua kusoma si lazima. Bibi asiyejua herufi hata moja anaweza kuifuata sehemu kubwa ya mwongozo huu, tena wengine hunishinda mimi mwalimu.

Hatua ya 1: Tafuta vitabu vichache

Vitatu vinatosha mwezi mzima. Kabla hujaenda dukani, ulizia shuleni. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Tanzania mwaka 1991, umesaidia vitabu vingi vya Kiswahili kuchapishwa na kufika shule za msingi, na shule ikifungwa na kabati nalo hufungwa. Mwombe mwalimu akuazime, uandike jina daftarini.

Ukikosa, fungua African Storybook, mradi wa Afrika Kusini ulioanza kutoa hadithi mtandaoni mwaka 2014. Za Kiswahili zipo nyingi, ni za bure, na unaruhusiwa kuziprinti. Chagua ngazi ya chini kabisa, yenye maneno machache kwa kila picha, upeleke steshenari. Rangi si lazima. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, mtoto ataipaka mwenyewe. Kusomea kwenye simu nakuachia kwa dharura, maana kidole cha mtoto kwenye kioo hufungua kila kitu isipokuwa hadithi.

Hatua ya 2: Chagua saa, na uzime TV

Jioni, akishaoga na kabla hajasinzia. Dakika kumi. Akinyanyuka kukimbilia mpira, mwache aende.

Hatua ya 3: Picha kwanza, maneno baadaye

Mpakate, au mkae mkekani bega kwa bega, kitabu kiwe mapajani mwake na ukurasa afunue yeye. Anza kama mnavyoanza hadithi kwenu: "Paukwa!" naye ajibu "Pakawa!", au "Hadithi hadithi!", "Hadithi njoo!" Kisha pitieni picha mpaka mwisho bila kusoma neno. Ukurasa ukifunuliwa, nyamaza kidogo. Watu wazima wengi hapa hushindwa kuvumilia, wanakimbilia kueleza.

Hatua ya 4: Uliza, subiri, ongezea

Hapa ndipo penye kazi. Tuseme picha inaonyesha mbuzi karibu na kamba ya nguo.

"Mbuzi anafanya nini?"
"Anakula."
"Ehe, anakula. Anakula nini?"
"Gauni!"
"Kweli, anakula gauni lililoanikwa kambani. La nani hilo?"
"La mama. Mama atamchapa!"

Mtoto ametoa neno moja, wewe umemrudishia sentensi nzima, bila kumwambia amekosea. Angesema "anakula shati", ungejibu tu, "Gauni hili, ona lilivyo refu," mkaendelea. Kisha unamvuta nje ya kitabu: "Na yule mbuzi wa jirani, juzi alikula nini?" Hapo jiandae, maana habari za jirani zote zitatoka.

Maswali ya ndiyo na hapana yapunguze, na "hii rangi gani?" usiliulize kila ukurasa. Mtoto akihisi mtihani, hufunga mdomo.

Njia hii imepimwa. Mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka miwili hivi. Wazazi wa kundi moja walifundishwa kuuliza na kuongezea namna hii, wengine wakasoma kama walivyozoea. Baada ya mwezi mmoja tu, kundi la kwanza lilikuwa mbele katika kuzungumza. Mwezi mmoja ndiyo likizo yetu ya Juni.

Hatua ya 5: Rudieni kilekile

Atakiomba kitabu kilekile mpaka ukichoke. Mpe. Mara ya kwanza hutaja vitu, baadaye husimulia, halafu hukukosoa ukiruka ukurasa. Siku hiyo mwambie amsomee mdogo wake, au bibi. Maneno yaliyochapishwa sasa yasomwe, na anayesoma apitishe kidole chini ya mstari.

Watoto wakiwa wengi, kama ilivyo kwa bibi wakati wa likizo, mdogo ndiye ajibu kwanza. Wakubwa wapewe kazi ya sauti za wanyama.

Hatua ya 6: Tengenezeni chenu

Kunja karatasi nne za A4 katikati, shona mkunjo kwa sindano na uzi: umepata kurasa 16. Mtoto achore aliyoyaona likizo, kuku, basi, shamba la mihogo, nawe uandike chini maneno yake kama alivyoyasema, hata kama kuku ana miguu minne. Vilivyochanika vibandikeni solotepu pamoja naye. Mtoto aliyewahi kubandika huchana kidogo zaidi.

Vitabu vya kuazima virudi shuleni siku ya kufungua. Alichokitengeneza kibaki kwa bibi, mahali pasipo mchwa, kisomwe tena Desemba.