Somo: Jamaa yako amekamatwa Malindi au Lamu, namna ya kumpata wakili wa kesi ya jinai

Wakili hutafutwa kabla mshtakiwa hajasomewa mashtaka. Akishakiri kosa mbele ya hakimu na kutiwa hatiani, sheria yetu ya Kenya haimruhusu kukata rufaa kupinga hatia hiyo. Anachobaki nacho ni kupinga kiwango au uhalali wa adhabu tu. Kwa hivyo ule ushauri wa "kubali utozwe faini urudi nyumbani" usifuatwe, hata anayeutoa akiwa na nia njema.

Hatua ya 1: Kituoni. Jamaa mmoja, si kumi, aende akaulize kosa ni gani, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na jina la mpelelezi. Wakili atayauliza hayo kwanza kabisa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, muda husogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa alasiri huweza kulala ndani hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Aseme jina lake na anakoishi, mengine yangoje wakili, wala asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kuwa atafika kortini, haina malipo. Wakitaka dhamana ya pesa taslimu, ichukuliwe risiti.

Hatua ya 2: Kumchagua. Pwani ina kesi nyingi za ardhi, na bingwa wa hati za mashamba huenda ana miaka hajamhoji shahidi wa polisi. Tafuta jina lake kwenye orodha ya Chama cha Wanasheria wa Kenya mtandaoni. Cheti cha kazi ni cha mwaka mmoja, hukoma 31 Desemba, na asiyekuwa nacho hana ruhusa ya kukutetea. Kisha muulize: kesi za aina hii umeziendesha hadi hukumu? Utasimama mwenyewe au utamtuma mwingine? Upande wetu ni dhaifu wapi? Hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu wakili wa kweli hulijibu. Anayeahidi ushindi, au kudokeza kuwa "anajuana na hakimu", muageni mara moja.

Hatua ya 3: Ada. Mkataba uandikwe, ugawanywe kwa hatua: kusomewa mashtaka na kuomba dhamana, siku za mashahidi, mawasilisho ya mwisho. Rufaa ni mkataba mwingine. Familia za Lamu huishiwa hapa: wakili akitoka Malindi au Mombasa, pana nauli ya barabara, boti ya kutoka Mokowe na malazi. Andikeni ni nani atalipa kesi ikiahirishwa, kwani kuahirishwa ni jambo la kawaida. Ulizeni pia kama kutajwa kwa kesi (siku fupi ya kupanga tarehe, isiyo ya mashahidi) kunaweza kufanyika kwa njia ya mtandao.

Dhamana ya korti msiichanganye na ada. Ilipwe kwa nambari rasmi ya mahakama, kamwe si kwa simu ya mtu, na risiti ihifadhiwe. Mshtakiwa akihudhuria tarehe zote, pesa hurejeshwa kesi ikiisha.

Hatua ya 4: Karatasi. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kujua mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Wakili aombe hati ya mashtaka, taarifa za mashahidi, fomu ya P3 (ya polisi, inayojazwa na daktari) ikiwa kuna majeraha, na ripoti ya mkemia wa serikali ikiwa ni dawa za kulevya. Nanyi mkusanye zenu upesi: ujumbe wa M-Pesa, tikiti ya basi, majina ya mashahidi. Picha za kamera za dukani hufutika zenyewe, basi ziombwe wiki hiyo hiyo.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Faza: Shikamoo mwalimu. Ardhi yetu ni ya urithi, haina hati. Dhamana tutaipataje?*
Marahaba. Muombeni hakimu akubali pesa taslimu, au mdhamini mwenye logibuku (hati ya umiliki) ya gari. Kiwango kikiwa kikubwa mno, wakili aombe kipunguzwe, na hakimu akikataa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kukipunguza.

*Kutoka Shela: Mlalamikaji ametusamehe mbele ya wazee. Imekwisha?*
Bado. Kesi imeshakuwa ya Jamhuri, na upande wa mashtaka hauwezi kuiondoa bila ruhusa ya korti. Suluhu iandikwe, wakili aifikishe kwa hakimu. Kwa Kadhi msiipeleke, hana mamlaka juu ya jinai.

*Kutoka Malindi: Hatuna pesa hata kidogo.*
Kwenye kesi ya mauaji, Mahakama Kuu humpa mshtakiwa wakili wa kulipwa na serikali. Kwa makosa mengine, mshtakiwa mwenyewe amuombe hakimu wakili wa aina hiyo siku ya kwanza, na jamaa wapeleke maombi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

*Kutoka Watamu: Tumemlipa, lakini haonekani kortini.*
Mwandikieni barua yenye tarehe alizokosa, mdai faili yenu, mweke mwingine. Kisha pelekeni malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, pamoja na risiti na mkataba.